Uzi Huu ni wa Nani?

Kila mwaka, wiki chache kabla ya sherehe za Simba Day na Wiki ya Mwananchi, jezi mpya za watani wa jadi, Simba na Yanga, hutoka, na Kariakoo nzima hugeuka baraza la mavazi. Kola imekaa vibaya, nyekundu imefifia, kijani kimezidi giza, nembo ya mdhamini imejaa kifua kizima kama bango la barabarani, kitambaa kinachoma. Wapo wanaosifu pia, na kuusifu uzi mpya kwao ni sawa na kusifu usajili wa mshambuliaji. Viongozi wa klabu wamezoea kuyachukulia maneno haya kama kelele za msimu zitakazokwisha mechi ya kwanza ikichezwa. Nadhani wanakosea. Kati ya wote wanaoigusa jezi ya klabu, kuanzia mwekezaji, mdhamini, mzabuni, mbunifu, kocha hadi mchezaji, shabiki ndiye peke yake asiye na mkataba wenye tarehe ya mwisho. Ndiyo maana katika mambo ya jezi yanayopaswa kudumu, neno lake linastahili uzito kuliko la hao wengine wote.

Tazama Simba kwa miaka michache tu. Mwaka 2021 haki ya kutengeneza na kuuza jezi zake ilikwenda kwa Vunja Bei, kwa mkataba wa miaka miwili uliotangazwa kuwa wa shilingi bilioni 2. Mwaka 2023 ikahamia kwa Sandaland, ambao jezi yao ya kwanza ilipandishwa hadi Mlima Kilimanjaro kwenda kuzinduliwa huko. Mwaka 2025 ikaja zamu ya Jayrutty, kwa mkataba wa miaka mitano wa zaidi ya shilingi bilioni 38. Kifuani nako SportPesa ilipisha M-Bet mwaka 2022, na kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2020/21 timu ilivaa maneno ya Visit Tanzania, kwa sababu kampuni ya kubashiri iliyoidhamini Simba iligongana na ile iliyowadhamini CAF. Yanga wamepita njia hiyo hiyo: mwaka 2023 walicheza Kombe la Shirikisho hadi fainali dhidi ya USM Alger wakiwa na jina la Haier kifuani, ilhali kwenye ligi ya nyumbani walikuwa na SportPesa. Mtoto aliyepewa jezi yake ya kwanza akiwa darasa la kwanza atakuwa ameona wazabuni watatu na wadhamini kadhaa kabla hajamaliza la saba. Katika miaka yote hiyo kitu kimoja hakikuhama. Simba ni nyekundu na nyeupe, Yanga ni kijani na njano, na aliyelinda jambo hilo msimu hadi msimu ni yule aliyekaa jukwaani.

Inafaa kueleza biashara yenyewe inavyokwenda, maana wengi hudhani klabu ndiyo inayoshona. Kwetu, mara nyingi mfanyabiashara huahidi kuilipa klabu kiasi fulani, naye hupewa haki ya kuagiza jezi kiwandani, kuzisambaza na kuziuza. Fedha yake hurudi jezi moja moja, kutoka mifukoni mwa watu wa Mbagala, Mwanza, Mbeya na Kigoma. Ulaya hesabu ni kubwa zaidi lakini msingi ni ule ule. Adidas iliingia mkataba na Manchester United wa pauni milioni 750 kwa miaka kumi kuanzia msimu wa 2015/16, na ndani yake kulikuwa na kifungu cha kupunguza malipo ya mwaka kwa asilimia 30 endapo timu ingekosa Ligi ya Mabingwa misimu miwili mfululizo. Kifungu hicho kinafichua mengi. Kampuni hailipi kwa ajili ya pamba wala nailoni. Inalipia mapenzi ya watu, na mapenzi yakionekana kuyumba inataka kurudishiwa chake. Kwa hiyo tukisema kwamba thamani ya jezi ya Simba imepanda kutoka bilioni 2 hadi zaidi ya bilioni 38 ndani ya miaka minne, hata tukikumbuka kwamba mkataba wa pili ni mrefu zaidi, tunachosema ni kwamba mtu mwingine amejifunza kuhesabu mapenzi ya shabiki. Mwenye mapenzi hayo hajaulizwa.

Watu wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa kwamba nguo husema. Mnunuzi wa kanga hutazama maua, kisha husoma jina lililoandikwa chini, na akilikosa analolitaka huacha doti nzuri dukani akaenda zake. Sare ya harusi nayo ina kanuni zake. Kamati ikichagua kitambaa bila kuwauliza mashangazi, harusi itafanyika, lakini maneno yake yatasikika hadi mtoto wa kwanza azaliwe. Jezi ni sare ya aina hiyo kwa watu mamilioni. Hivyo shabiki wa Yanga anapokataa doa jekundu kwenye jezi yake, hata likiwa la nembo ya mdhamini, anasoma nguo kama alivyofundishwa kuisoma nyumbani kwao. Tena hayuko peke yake duniani. Boca Juniors ya Buenos Aires ilipodhaminiwa na Coca-Cola, nembo ile inayojulikana kote kwa wekundu na weupe wake iliwekwa kwa nyeusi na nyeupe, kwa sababu nyekundu na nyeupe ni rangi za River Plate. Kampuni tajiri kuliko klabu yoyote ya Argentina ilikubali kubadili sura yake mbele ya hisia za watu wa mtaa wa La Boca, na haikufilisika.

Mfano unaoonyesha vizuri zaidi kinachotokea mwenye fedha anapoamua kuipita hoja ya shabiki ni wa Cardiff City, klabu ya mji mkuu wa Wales. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1899, imevaa buluu kwa zaidi ya karne moja, na jina lake la utani ni la ndege wa buluu. Mwaka 2012 mmiliki wake, tajiri Vincent Tan wa Malaysia, alitaka ivae nyekundu na nembo yake itawaliwe na joka, kwa imani kwamba rangi hiyo ina bahati na ingeuzika Asia. Habari zilipovuja mwezi Mei mashabiki waliwaka, na klabu ikasema mpango umeachwa. Wiki chache baadaye, mwezi Juni, ikautangaza upya kama jambo lililokwisha kuamuliwa, ukiwa umefungwa pamoja na ahadi ya uwekezaji mkubwa. Ndege wa buluu akasogezwa chini ya nembo, mdogo, chini ya miguu ya joka.

Hapa ndipo hoja ya fedha inapotakiwa kujibiwa kwa uaminifu, kwa sababu Cardiff walishinda. Msimu wa kwanza wa nyekundu, 2012/13, walitwaa ubingwa wa daraja la pili na kupanda Ligi Kuu ya Uingereza kwa mara ya kwanza tangu iundwe upya mwaka 1992. Mashabiki wengi walikuwa wamelikubali badiliko hilo shingo upande, wakisema afadhali nyekundu juu kuliko buluu chini, na siwezi kuwalaumu, maana klabu ilikuwa imelemewa na madeni na mmiliki ndiye aliyeshika mfuko. Ikiwa tutapima kwa kombe la msimu huo, mwekezaji alikuwa sahihi. Lakini mwaka uliofuata timu ilishuka daraja ikiwa ya mwisho kabisa kwenye msimamo, na hapo ndipo ilipoonekana nyekundu ile ilikuwa na mizizi kiasi gani. Haikuwa na yeyote wa kuitetea. Skafu za buluu zilijaa jukwaani, viti vikaanza kubaki wazi, na Januari 2015 Tan mwenyewe akatangaza kurudisha buluu. Mechi ya kwanza katika rangi ya zamani, dhidi ya Fulham, ilichezwa siku iliyofuata tangazo hilo, na Cardiff wakashinda bao 1-0. Ushindi wa mechi moja hauthibitishi kitu. Ninachokiona katika habari hii ni kwamba timu iliyoshuka daraja ikiwa katika rangi yake hubaki na watu wake, kwa sababu wanateseka pamoja nayo, ilhali timu iliyobadilishwa rangi inapofungwa mashabiki huweza kujitenga nayo na kusema ile si yetu.

Kuna wanaopinga kwa hoja ya historia, na hoja yao ina nguvu. Wanasema rangi nyingi za klabu zilipatikana kwa bahati tu, kwa nini basi tuzifanye takatifu? Ni kweli. Juventus walikuwa wakivaa waridi hadi mwaka 1903, walipoagiza jezi Uingereza na kupata zile za mistari nyeusi na nyeupe za Notts County, timu ya Nottingham. Arsenal wana asili ya nyekundu yao katika jezi walizopewa na Nottingham Forest mwaka 1886. Simba yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1936, imepitia majina ya Queens na Eagles, kisha Sunderland, jina la klabu ya Kiingereza yenye mistari myekundu na myeupe, hadi ilipopata jina la sasa mwaka 1971. Lakini hoja hii ikifuatwa hadi mwisho inageuka upande wa shabiki. Majina yetu wenyewe yalipatikana kwa bahati: babu fulani alizaliwa siku ya mvua, au mjomba fulani alikuja kutembelea. Hakuna anayekwenda kumbadilishia mtu jina kwa sababu hiyo. Kilichoanza kwa bahati huwa mali ya mtu kwa kukaa nacho, kwa kuzomewa nacho na kusifiwa nacho. Na mwaka wa 1971 unatupa funzo zaidi, kwamba jina lenyewe linaweza kuondoka likaletwa lenye maana kwa nchi huru, na watu wakalikumbatia, mradi wanajiona ndani yake. Waliokuwa Sunderland leo ni Wekundu wa Msimbazi, na hakuna anayelilia jina la kale.

Pingamizi la pili ni kwamba mashabiki huchukia kila kipya, kisha baada ya miaka kumi wakakililia. Jezi ya ugenini ya Arsenal ya 1991 hadi 1993, ile ya njano yenye michirizi ya giza iliyofananishwa na ndizi iliyopondeka, ilichekwa sana ilipotoka. Leo watu hulipa fedha nyingi kupata ya asili, na Adidas waliporudi Arsenal mwaka 2019 walitoa nyingine ya kuikumbuka. Kwa hiyo, husemwa, mbunifu akiwasikiliza mashabiki hatabuni chochote. Nakubali nusu ya hoja hii, na nusu hiyo ni muhimu. Ile ya Arsenal ilikuwa jezi ya ugenini, na njano tayari ilikuwa rangi ya ugenini ya klabu hiyo. Mbunifu alicheza ndani ya ua. Jezi ya tatu ya Yanga ikiwa nyeusi haimsumbui mtu, wengine huipenda kuliko ya nyumbani, kwa sababu kila mmoja anajua ile ni ya pembeni na kijani na njano vipo palepale. Yanga walipompa mbunifu wa mavazi Sheria Ngowi kazi ya kubuni jezi zao, walichofanya ni kumpa fundi wa hapa hapa uhuru mkubwa ndani ya mipaka ambayo kila Mwananchi anaijua bila kuandikiwa. Shabiki akilalamika kuhusu michoro na kola, huo ni mjadala wa ladha, na ladha hubadilika. Akilalamika kuhusu rangi na nembo, anazungumzia mpaka wa kiwanja cha nyumba yake. Viongozi wengi huyachanganya malalamiko haya mawili na kuyatupa yote pamoja.

Kampuni za kutengeneza jezi nazo hukosea hapo hapo, na mara nyingi kwa sababu ya kutaka wepesi. Msimu wa 2021/22 Puma walitengeneza jezi ya tatu kwa muundo mmoja wa klabu zao nyingi, zikiwemo Manchester City, AC Milan, Marseille na Borussia Dortmund. Jina la klabu liliandikwa katikati ya kifua, na nembo ikaondolewa mahali pake pa kawaida, ikabaki kama kivuli ndani ya kitambaa. Dortmund walipoivaa kwa mara ya kwanza Septemba 2021, mashabiki wao walikuja juu kiasi kwamba mkuu wa Puma aliomba radhi. Puma wakati huo walikuwa wabia wa Dortmund, wenye hisa ndani ya klabu, na bado hawakuona kwamba mtu hajitambulishi kwa jina lililochapwa kwa herufi zile zile za jirani yake. Ndiyo sababu naona kiwanda kisiachiwe peke yake hata kiwe kikubwa namna gani. Mteja wake ni klabu ishirini kwa mpigo, shabiki ana moja.

Pingamizi la tatu ndilo viongozi hulitumia zaidi: mashabiki ni wengi, hawakubaliani, utamuuliza nani? Leeds United wanaonekana kuwa ushahidi wao. Januari 2018 klabu hiyo ilionyesha nembo mpya, mtu asiye na uso aliyeweka ngumi kifuani, na ikasema imewashirikisha watu 10,000 katika miezi sita ya maandalizi. Ndani ya saa chache makumi ya maelfu walikuwa wametia saini ya kuikataa, na nembo ikaondolewa. Je, si waliulizwa? Lakini kuulizwa klabu inakupa hisia gani ni tofauti na kuonyeshwa mchoro ukaambiwa, hii ndiyo, unaitaka? Everton walikosea mwaka 2013 kwa namna inayofanana, wakatoa nembo iliyoacha maneno ya kaulimbiu yao ya Kilatini na mashada mawili yaliyozunguka mnara, na zaidi ya watu 20,000 wakapinga. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata. Klabu iliomba radhi, ikarudi na michoro mitatu, ikawapa mashabiki wapige kura, na zaidi ya robo tatu wakachagua mmoja. Umati ule ule uliodaiwa kuwa hauwezi kukubaliana ulikubaliana kuliko mabunge mengi. Mbunifu hakunyang'anywa kalamu, alichora yote mitatu. Shabiki aliamua tu ipi ya kuishi nayo.

Limebaki la jezi feki, na hili husemwa kwa uchungu na wazabuni wa kwetu: shabiki anataka kusikilizwa, lakini ananunua ya bandia kwa machinga, basi haki yake iko wapi? Wizi wa kazi ya mtu ni wizi, na klabu hupoteza fedha halali. Ila tuitazame sababu. Bandia huwahi kufika mtaani, wakati mwingine siku ile ile ya uzinduzi, na hufika Kigoma na Mtwara kabla ya ya asili. Huja kwa saizi ya mtoto wa miaka minne na ya mama mnene. Bei yake inalingana na kipato cha siku chache za bodaboda. Kwa maneno mengine, muuza bandia amesikiliza malalamiko ambayo mwenye haki alipaswa kuyasikiliza. Na katika suala la kitambaa shabiki ni mtaalamu zaidi ya mchezaji. Mchezaji huvaa jezi dakika 90, tena hupewa nyingine mapumziko. Shabiki huivaa ndani ya daladala iliyojaa kwenye joto la Dar es Salaam, huifua kwa mikono kwa sabuni ya mche, huianika juani, na wiki ijayo huivaa tena. Yeye ndiye anayejua namba inabanduka baada ya kufuliwa mara ngapi, na njano ipi hupauka ikawa rangi ya karatasi kuukuu. Maarifa hayo yapo bure kila mtaa, na nasikitika kuona mkataba wa mabilioni ukisainiwa bila ukurasa mmoja unaoyahusu.

Klabu zetu, kwa bahati, tayari zina chombo ambacho Cardiff hawakuwa nacho. Simba na Yanga zina wanachama wenye kadi, matawi hadi vijijini, na mikutano mikuu ambako katiba hujadiliwa kifungu kwa kifungu. Wanachama wamekwisha kubishana huko kuhusu hisa, wawekezaji na viongozi. Kifungu kinachosema kwamba rangi za nyumbani na nembo havibadilishwi ila kwa kura ya wanachama kingeandikwa kwa mistari miwili, na mzabuni yeyote anayekuja angekikuta mezani kabla hajafungua kitabu chake cha hundi. Michoro mitatu ya jezi ya nyumbani inaweza kupelekwa kwenye matawi mwezi Februari, ikapigiwa kura, na kiwanda kikaanza kazi Machi. Sampuli ya kitambaa inaweza kukabidhiwa tawi moja la Temeke kwa mwezi mmoja, wakaifua, wakaianika, wakaileta makao ya klabu, Msimbazi au Jangwani, kama ilivyo.